Maisha ya Mchungaji Johannes Flierl

Katika bonde la mto Markham, nchi ya Papua Guinea Mpya, wanakaa Waadzera, wapatao kama 30,000. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha ya Madagaska, ingawa bahari kubwa imezitenga. Injili iliwafikia kwanza kwa lugha ya jirani zao. Ili tufahamu sababu, yatupasa kuyajua maisha ya Mchungaji Johannes Flierl.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1858 huko Bavaria, katika Ujerumani, mwana wa mkulima. Alifundishwa katika chuo cha misioni cha Neuendettelsau, na mwaka 1878 alitumwa Australia kwa Wadieri. Baadaye aliomba kwenda Guinea Mpya. Alipokuwa akingoja ruhusa hakukaa bure, bali alianzisha misioni nyingine huko Queensland. Tarehe 12 Julai 1886 akafika Finschhafen.

Mwaka 1891 homa iliwaua Wazungu wengi, hata kampuni ya Wajerumani ikahama mahali pale. Flierl hakuiacha kazi. Mwaka 1892 alijenga kituo cha Sattelberg mlimani, penye hewa njema. Walakini miaka 13 ilipita asipate kubatiza mtu wa nchi. Wawili wa kwanza walibatizwa mwaka 1899.

Tena palikuwa na shida ya lugha. Kila bonde lilikuwa na lugha yake, na watenda kazi wachache hawakuweza kuandika vitabu kwa lugha zote. Basi misioni, ambayo Flierl alikuwa kiongozi wake, ikachagua mbili: Kikâte kwa makabila ya milimani, na Kijabêm kwa watu wa pwani na wote wenye lugha za ukoo huo. Waadzera wakahesabiwa upande wa Kijabêm. Hivyo makabila yaliyokuwa yakipigana yalipata kusoma kitabu kimoja. Lakini Mwadzera ilimbidi kujifunza Kijabêm shuleni kama lugha ya kigeni.

Flierl aliondoka Guinea Mpya mwaka 1930, akafariki Neuendettelsau tarehe 30 Septemba 1947, mwenye umri wa miaka 89. Waadzera wangali wakisema Kiadzera.

Sisi tusomao Kiswahili kanisani na kusema lugha nyingine nyumbani twalifahamu jambo hili. Lugha moja huwakusanya watu wengi, bali mgonjwa kitandani huomba kwa lugha ya mama yake. Mwalimu wa kanisa na azitunze zote mbili.