Daktari Albert Cook wa Mengo

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Mengo, Uganda, tabibu Mwingereza Albert Cook alifika mwaka 1897 kwa safari ndefu ya miguu kutoka pwani, akaanzisha hospitali. Mwaka 1900 alimwoa muuguzi Katharine Timpson. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali, wakajenga tena. Wakiona mama na vichanga wanavyokufa, walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, wakawafunza wasichana wa nchi kazi hiyo. Cook alifariki Kampala mwaka 1951, lakini ujuzi ulibaki kwa wenyeji. Nasi Lagangabilili tumheshimu kila mkunga, na mama mjamzito asicheleweshwe nyumbani.