Profesa Luigi Broglio na Jukwaa la Ngomeni

Mwalimu wetu wa fizikia alipotuambia kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, mimi nilibisha mbele ya darasa zima. Nilidhani mambo hayo ni ya Marekani na Urusi tu. Nilishindwa, nikaamriwa kuandika habari hizi.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, nchini Italia, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa afisa wa jeshi la anga, kisha profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Vita vya Pili viliiacha nchi yake fukara. Hata hivyo bwana huyu alishika neno moja tu, kwamba Waitalia warushe setilaiti yao kwa mikono yao. Roketi walipewa na Wamarekani, nazo ziliitwa Scout. Tarehe 15 Desemba 1964 watu wake waliirusha San Marco ya kwanza kutoka Wallops, katika jimbo la Virginia.

Mwingine angeridhika hapo. Yeye aliitaka ikweta. Dunia huzunguka kama pia, na aliye kwenye ikweta huchukuliwa kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Basi roketi ndogo ikirushwa hapo hupata msukumo wa bure. Lakini Italia iko mbali na ikweta! Broglio akasimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. San Marco lilibeba roketi, na waongozaji walikaa katika Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco ya pili ikapaa kutoka hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea mwaka wa 7 wa uhuru wao, watu wa Broglio walirusha setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wake, akaiita Uhuru. Ndiyo, jina letu la Kiswahili! Hewa ya dunia huzuia mionzi ya eksirei isitufikie, kwa hiyo chombo hakina budi kupanda juu yake. Mwaka 1971 Uhuru iliona mionzi ya Centaurus X-3 ikipiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Hiyo ni nyota ya nutroni: upana wake kama kilomita 20 tu, mtu wa baiskeli angeumaliza kabla ya chakula cha mchana, lakini ni nzito kuliko jua, nayo hunyonya gesi ya nyota mwenzake.

Tarehe 7 Mei 1975 ilipaa SAS-3, na mwaka uliofuata ikagundua nyota inayolipuka upesi upesi, mara maelfu kwa siku. Desemba 1995 darubini nyingine ya angani, Compton, iliona nyota inayofanya yote mawili, kulipuka na kupiga, mapigo kama mawili kwa sekunde.

Roketi ya mwisho ya Ngomeni ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Broglio alifariki tarehe 14 Januari 2001, mwenye umri wa miaka 89, na kituo cha Malindi kimepewa jina lake.

Sasa niseme siri yangu. Likizo iliyopita baba alinikataza kuchagua fizikia kidato cha tano, kwa kuwa hajaona mtu wa huku kwetu Nyamuswa aliyepata ugali kwa kutazama nyota. Sikumjibu, maana ni baba, na karo anailipa yeye kwa jasho lake. Gazeti hili nitakwenda nalo nyumbani. Nitaliweka karibu na kikombe chake cha chai, limefunguliwa ukurasa huu, kisha nitatoka nje nikalishe ng'ombe.