Daktari Paul Ehrlich na Rangi Zake

Wafugaji wa nchi ya Mbulu wamemjua mbung'o tangu zamani, maana mdudu huyo huua ng'ombe. Aumapo hutia damuni vijidudu viitwavyo tripanosoma, na aina nyingine ya vijidudu hivyo huwaletea wanadamu ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mmoja wa watu waliotafuta dawa ya kuvipiga vijidudu hivyo alikaa mbali sana na ziwa hilo. Jina lake Paul Ehrlich.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji wa Strehlen, Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Mji huo sasa umo katika nchi ya Poland. Alipokuwa akijifunza udaktari alipendezwa mno na rangi za kutilia nguo. Aliona ya kuwa rangi ikitiwa katika kipande kidogo cha mwili, hushika sehemu fulani tu, na nyingine huziacha kama zilivyo.

Akaitafuta sababu yake. Kila kitu chenye uhai kimefanyizwa kwa molekuli, vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila molekuli ina umbo lake, kama ufunguo ulivyo na meno yake. Na mwilini mna molekuli nyingine zilizo kama kufuli. Ehrlich akafahamu ya kuwa kitu hakishiki ila pale maumbo yanapopatana. Basi, ikiwa rangi yaweza kukishika kijidudu na kuuacha mwili, labda sumu nayo yaweza kutumwa vivyo hivyo. Kazi hiyo ndiyo aliyoishika maisha yake yote.

Mwaka 1891 aliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu, wakapata nafuu. Mwaka 1904 yeye na Kiyoshi Shiga, daktari wa Japani, walipata rangi nyekundu iliyoponya panya waliotiwa tripanosoma.

Mwaka 1906 Robert Koch, ambaye zamani alikuwa mkubwa wa Ehrlich kazini huko Berlin, alifika visiwa vya Ssese, Uganda. Akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wengi walipata nafuu, lakini zaidi ya 20 walipofuka macho. Dawa ile ilikipiga kijidudu, ikalipiga na jicho pia.

Mwaka 1907 Ehrlich na mwenziwe Alfred Bertheim walionyesha ya kuwa wataalamu walikuwa wamekosea juu ya muundo wa atoksili. Molekuli yake ilikuwa na sehemu iliyo huru, ambayo vitu vingine vyaweza kuungwa nayo. Basi wakaanza kuibadili, mara hivi, mara vile, na kila dawa mpya wakaijaribu kwa wanyama. Mamia ya dawa hizo hazikufaa. Ile ya 606 nayo iliwekwa kando, ikidhaniwa kuwa si kitu. Mwaka 1909 Sahachiro Hata, mtaalamu mwingine wa Japani, akaijaribu tena kwa uangalifu, ikaponya sungura wenye kaswende. Mwaka 1910 ilianza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Haikukosa hatari, lakini ilizishinda dawa zote za kale za ugonjwa huo.

Ehrlich alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyojilinda na magonjwa. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Ujerumani walioifuata njia ya rangi zake walifanyiza suramini, dawa ya malale iliyotumika miaka mingi sana katika Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo.

Basi mwanafunzi na akumbuke habari za ile dawa ya 606. Iliwekwa kando kwa kuwa mtu mmoja aliipima vibaya. Ikaponya watu kwa kuwa mwingine alikubali kuipima tena.