Robert Boyle na Nguvu ya Hewa

Robert Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, nchi ya Ireland, mtoto wa 14 wa baba tajiri mno. Yeye hakutamani cheo wala hakuoa. Siku zake alizitumia katika kumcha Mungu na kuchungua vitu alivyoviumba.

Mwaka 1659, alipokuwa akikaa Oxford, msaidizi wake Robert Hooke alimtengenezea bomba la kutolea hewa katika chombo cha kioo. Kwa bomba lile Boyle akaona ya kuwa hewa ni mfano wa manyoya ya kondoo: ukiyakandamiza hujikunja, ukiyaachilia hufutuka. Alipotangaza habari hizo katika kitabu mwaka 1660, padre mmoja mwenye elimu, Franciscus Linus, akabisha, akasema nguvu hiyo ni ndogo, haiwezi kuisimamisha zebaki katika mrija kwa kimo cha inchi 29.

Boyle hakumjibu kwa maneno matupu. Alitwaa mrija wa kioo uliopindwa chini mfano wa ndoana, na mkono wake mfupi umezibwa. Ulikuwa mrefu hata haukuenea chumbani, ikawapasa kuusimamisha penye ngazi, na chini wakaweka sanduku la mti, maana kioo huvunjika upesi na zebaki ni ghali. Zebaki ikamiminwa kidogo kidogo, ikaisonga hewa iliyofungiwa. Ilipozidi kwa kimo cha inchi 29, hewa ikawa nusu ya ile ya kwanza. Hewa ya nje yenyewe hulemea kadiri hiyo; basi mzigo ulikuwa maradufu, na nafasi imekuwa nusu. Hesabu zake zilitoka mwaka 1662.

Maji yalimshinda. Alijaza maji tufe la bati, akaliziba, likapigwa nyundo ya mti hata likabonyea. Lilipotobolewa kwa sindano maji yakaruka juu. Je, ni maji yaliyosongwa, au ni bati lililojikaza? Boyle hakuthubutu kukata neno. Hata mwaka 1762 ndipo John Canton, mwalimu wa London, alipohakikisha ya kuwa maji nayo husongeka, lakini kidogo mno: mzigo upunguzao hewa nusu hupunguza maji sehemu moja tu katika 20,000 hivi.

Tangu mwaka 1668 Boyle alikaa London nyumbani kwa dada yake Katherine, na kwa fedha zake Agano la Kale likapigwa chapa kwa lugha ya Kiairishi mwaka 1685. Katherine alikufa Desemba 1691. Boyle akamfuata baada ya juma moja.