John Bunyan: Fundi Aliyepigana Vita vya Moyoni

Wengi tunamjua John Bunyan kwa kile kitabu cha Mkristo anayesafiri kwenda mji wa mbinguni. Vita vyake mwenyewe hatuvijui sana.

Alizaliwa 1628 huko Elstow, karibu na Bedford, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuziba sufuria zilizotoboka; fundi wa jua kali, tungesema hapa kwetu. Siku moja akiwa kazini Bedford aliwakuta wanawake maskini wameketi mlangoni wakiota jua, wanazungumza vile Mungu alivyowazaa mara ya pili. Yeye alijiona mtu wa dini, kumbe hayo hakuyajua hata kidogo. Akina mama hao wakamweleza mchungaji wao, John Gifford, habari zake.

Ungedhani sasa mambo yatakuwa laini. Wapi! Likamjia wazo la kumuuza Kristo, usiku na mchana, mezani, hata akiinama kuokota pini. Alilikataa na kulikataa. Lakini asubuhi moja kitandani, amechoka kabisa, akahisi moyo wake umekubali Bwana aende zake akitaka. Basi akaanguka kama ndege aliyepigwa risasi mtini. Kwa kama miaka miwili alijiona Esau, mtu aliyeuza urithi na hawezi kurudishiwa. Akamwendea Mkristo mmoja mzee, akamwambia anaogopa ametenda dhambi isiyosameheka. Mzee akasema hata yeye anaona hivyo. Jamani, ushauri gani huo!

Bunyan hakuacha kuomba, ingawa aliogopa maombi yake hayafiki popote. Neno la 2 Wakorintho 12:9 lilikuwa limemjia, lakini nusu tu: neema inatosha, ila hakusikia kwamba inamtosha yeye. Halafu siku moja, ameketi kati ya watu wa Mungu na hofu yake vilevile, likamjia lote, mara tatu, na yeye akiwa ndani yake.

Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri, akafungwa kama miaka 12, akiacha mke na watoto wanne, mmoja kipofu. Mle jela akaandika ushuhuda huu wote, ukachapishwa 1666. Na mwishoni mwake, akiwa mhubiri tayari, alihesabu machukizo saba ambayo bado aliyaona moyoni mwake, kukosa imani kukiwa kwanza, na ubaridi katika maombi ukiwemo. Alisema hayo ndiyo yanayomkimbiza kwa Yesu kila siku.