Charles Huggins: Tabibu Aliyeinyima Saratani Chakula Chake

Ndugu msomaji, mficha maradhi kilio humfichua. Sahibu yangu mmoja, niliyesoma naye chuoni tukiwa wadogo, aliona haya kusema ana saratani ya tezi dume, hata tukaja kuijua karibu na jeneza lake. Kwa ajili yake namsimulia leo tabibu Charles Huggins.

Huggins alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901. Alisomea udaktari Harvard, na mwaka 1927 akaingia Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Huko aliwachunguza mbwa, kwani mbwa naye huvimba tezi hiyo uzeeni. Akaona kuwa homoni ya kiume ndiyo ilishayo tezi. Ikikosekana, tezi hunywea. Mwaka 1941 alitangaza kwamba hata wagonjwa ambao saratani ilikwisha kuwaenea mifupani, wengi walipata nafuu walipoondolewa korodani au kupewa homoni ya kike. Kabla yake wengi walidhani saratani haina bwana. Yeye akaonyesha kuwa yaweza kunyimwa chakula. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1966, na akafariki Chicago mwaka 1997, umri wake miaka 95.

Elimu yake haikuzikwa naye. Katika maabara aliyoiongoza, Elwood Jensen aligundua kipokezi cha homoni ya kike, mfano wa kitasa kingojacho ufunguo. Baadaye cha homoni ya kiume nacho kikajulikana, zikatengenezwa dawa za kukiziba. Na hapo pana faida nyingine. Mionzi huijeruhi chembe ya saratani, lakini homoni husaidia kuyaganga majeraha hayo. Kitasa kikizibwa, chembe hushindwa kujiganga vyema.

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya wanaume 760 waliopigwa mionzi baada ya saratani kuonyesha dalili za kurudi. Miaka 12 ilipopita, katika kila 100 waliomeza dawa ya kuziba kwa miaka miwili, 76 walikuwa hai. Waliopewa kidonge kitupu, 71. Watano katika mia si haba, hasa mmoja wao akiwa baba yako.

Sikufichi, msomaji: dawa hizo zaweza kumvimbisha mwanamume matiti na kumpunguzia nguvu za kiume. Ndiyo aibu aliyoiogopa sahibu yangu. Lakini haya ina mahali pake, na mbele ya tabibu si pake. Wazee wenzangu, tukapimwe mapema. Shifaa yatoka kwa Mola, nasi tumeamrishwa kuitafuta.