Jean de Heinzelin, Mbelgiji aliyeutambua mfupa wa Ishango

Watu wengi wa Butembo na Beni wamesikia kwamba mfupa wa Ishango uko Brussels. Habari za aliyeutoa ardhini zinasikika kidogo. Jina lake ni Jean de Heinzelin de Braucourt, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka wa 1920, mtaalamu wa mawe na tabaka za udongo.

Ishango iko katika wilaya ya Beni, pale mto Semuliki unapotoka katika ziwa Edouard. Mwaka wa 1935, Mbelgiji mwingine, Hubert Damas, aliyekuja kuchunguza ziwa, aliokota pale vyusa vya mfupa na kipande cha taya la mtu. De Heinzelin alivijua vitu hivyo, na mwaka wa 1950 akaja mwenyewe kuchimba.

Mfupa wa zamani hautoki ardhini ukiwa safi. Umeshikamana na mchanga na makombe, umekuwa mgumu kama jiwe, na mtu mwenye haraka anauona kokoto tu. De Heinzelin alichimba tabaka kwa tabaka, akiandika kila kitu kilitoka wapi. Mfupa uliong'olewa bila kujulikana tabaka lake umepoteza karibu thamani yake yote, hata ukiwa mzuri namna gani. Wanaouza vitu vya kale kwa siri hawapendi kusikia hilo.

Kati ya mifupa ya samaki na ya viboko alipata mfupa mmoja mdogo, wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha kwatzi kwenye ncha. Mwingine angeuita kipini na kuendelea na kazi. Yeye aliona mikato 168 katika mistari 3. Mistari 2 inafika 60 kila mmoja, wa tatu 48. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19, hesabu ambazo hazigawanyiki. Mwaka wa 1962 aliandika katika gazeti la Marekani, Scientific American, kwamba waliokaa Ishango walijua kuhesabu. Alexander Marshack aliona pale kalenda ya mwezi. Ubishi huo unaendelea hadi leo.

Umri wa mfupa ndio uliomshinda. Kipimo cha makombe kilitoa miaka kama 21,000. Aliona ni mingi mno, akadhani maji ya ziwa, kwa sababu ya volkano, yameharibu kipimo, akaandika michache zaidi. Miaka ya 1980 wachunguzi wa Marekani, kati yao Alison Brooks, walirudi Ishango, wakaonyesha kwamba kipimo kile cha kwanza kilikuwa karibu na ukweli.

De Heinzelin alifundisha katika chuo kikuu cha Gent. Uzeeni alikuwa Bouri, Ethiopia, akichunguza mifupa ya wanyama iliyokatwa kwa mawe miaka milioni 2.5 iliyopita. Alikufa mwaka wa 1998. Makala ya kazi hiyo ilitoka mwaka uliofuata. Mfupa wa pili wa Ishango, wenye mikato 90, ulielezwa na wenzake baada ya kifo chake. Nao uko Brussels.